Vitundu katika Majani ya Anubia: Uchambuzi wa Kisa cha Tangi Moja la Samaki Dodoma

Tangi linalozungumziwa hapa lipo mapokezi katika nyumba moja ya wageni, mtaa wa Ilazo jijini Dodoma. Ni tangi la kioo la lita 120, ambalo ukiondoa mchanga, mawe na gogo lililomo hubaki na maji yapatayo lita 100. Samaki wake ni gapi na moli, ambao huyapenda maji magumu, na mimea yake ni ya aina tatu zinazokua polepole: anubia ndogo (Anubias barteri, aina ya nana), ambayo asili yake ni Afrika Magharibi, kangaga la Java, linalotoka Kusini-Mashariki mwa Asia, na kriptokorini, ambaye kwao ni Sri Lanka. Mwenye nyumba, mama mmoja aliyestaafu ualimu, alinipigia simu mwezi Agosti akilalamikia samaki mfyonza kioo aliyemwingiza tangini wiki iliyotangulia. "Mwanangu, njoo unitolee huyu samaki," alisema. "Amenimalizia majani yote."

Samaki huyo hakuwa na hatia. Majani yale yalikuwa yameumia kwa kukosa potasiamu, na upungufu wenyewe ulikuwa umeanza miezi kadhaa kabla samaki hajafika. Kisa hiki nakieleza kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha ugumu ulio mahususi kwa mimea inayokua polepole: jani la anubia huweza kuishi mwaka mmoja au zaidi, kwa hiyo dosari inayoonekana leo inaweza kuwa na chanzo cha zamani sana, na mwenye tangi, kama ilivyo kawaida ya binadamu, humtafuta mkosaji miongoni mwa mambo ya juzi.

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kutazama majani kwa umri wake. Anubia na kangaga humea kutoka kwenye shina nene linalotambaa, ncha ya shina hilo ndiyo inayotoa majani mapya, na majani makongwe hubaki nyuma. Hivyo mtu anaweza kuusoma mfululizo wa majani kuanzia la karibuni hadi la zamani bila kuuliza tarehe. Majani mawili au matatu ya mbele yalikuwa na kijani kizuri, mishipa yake ikiwa na rangi sawa na sehemu zilizo kati yake. Kuanzia jani la nne kurudi nyuma kulikuwa na madoadoa ya manjano yenye ukubwa wa kichwa cha pini. Katika majani makongwe zaidi, kitovu cha kila doa kilikuwa kimekauka na kudondoka, pakabaki kitundu chenye pete ya manjano iliyochanganyika na kahawia. Kingo za majani ya mwisho zilikuwa zimeanza kuwa kahawia, na juu yake palikuwa na mwani mgumu wa kijani, ule wa nukta nukta usiotoka hata ukisuguliwa kwa kidole.

Pete ile ndiyo iliyonifanya niache kumshuku samaki. Jani lililokwanguliwa na samaki mfyonza kioo huwa na mikwaruzo mirefu, ngozi ya juu imeondolewa na mishipa imebaki kama wavu, na alama hizo hutokea kwa usiku mmoja katika jani lolote pana analolipata, liwe changa au kongwe. Konokono nao, wale wadogo wanaojileta wenyewe na mimea, hula hasa sehemu ambayo imekwisha kufa. Walikuwepo tangini, na bila shaka walikuwa wameyapanua baadhi ya matundu, lakini walikuta kazi imekwisha kuanzwa. Tundu la kuliwa halitanguliwi na doa la manjano. Katika jani moja nililolitazama kwa lenzi ya mkono, hatua zote zilionekana pamoja: doa hafifu, doa lenye kitovu cha kahawia, doa lenye utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na kitundu kamili.

Virutubisho vya mimea hutofautiana katika jambo moja ambalo kwa utambuzi wa aina hii ni muhimu kuliko picha zote za magonjwa. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huweza kuhamishwa ndani ya mmea: vikipungua, mmea huviondoa kwenye majani makongwe na kuvipeleka kwenye ncha inayokua, kwa hiyo majani ya nyuma ndiyo yanayoumia kwanza. Kalsiamu, chuma na boroni havihamishiki kwa urahisi, na upungufu wake huonekana kwenye majani mapya, ambayo hutoka yakiwa yamepinda, yamedumaa, au yamepauka huku mishipa ikibaki kijani. Tangi hili lilikuwa na majani mapya mazuri na makongwe yaliyotoboka. Chuma na kalsiamu vikaondoka kwenye orodha mapema, ingawa ushauri wa kwanza aliokuwa amepewa mama, tena na watu wawili tofauti, ulikuwa wa kuongeza chuma.

Kabla ya kuendelea na virutubisho ilinibidi niondoe sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni kuoza kwa shina. Anubia na kangaga hazipandwi mchangani. Hufungwa juu ya jiwe au gogo, na shina likifukiwa huoza, likawa laini na lenye harufu, kisha majani huachia yakiwa mazima. Hapa mashina yalikuwa juu ya gogo na magumu, isipokuwa kipande kimoja kilichokuwa kimezama kidogo, nacho tulikiinua. Ya pili ni kuyeyuka kwa majani baada ya mmea kuhamishwa. Vitalu vingi hukuza mimea hii majani yakiwa hewani, kisha ikitiwa majini majani hayo ya mwanzo hufa na nafasi yake kuchukuliwa na mengine. Kriptokorini ndiye mashuhuri kwa tabia hiyo, tena huyeyuka hata kwa badiliko la ghafla la maji au mwanga. Mimea ya mama ilikuwa tangini kwa zaidi ya mwaka, kwa hiyo sababu hiyo haikuwa na nafasi.

Kulikuwa pia na jambo ambalo halikuwa ugonjwa kabisa. Upande wa chini wa majani ya kangaga palikuwa na vivimbe vya kahawia vilivyopangana kandokando ya mishipa, na mama alikuwa amevikwangua kwa ukucha kwa wiki nzima akidhani ni ukungu. Vile ni vifuko vya vijimbegu, ambavyo kangaga lenye afya huvitoa. Vilevile majani yake makongwe huota vitoto kwenye ncha na kingo, vyenye vimizizi vyeusi kama nywele, na watu wengi huyakata majani hayo na kuyatupa kwa sababu yanaonekana machafu, ilhali ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata mimea mingine bila kutoa hata senti.

Baada ya hapo niligeukia maji. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dodoma hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, lakini nyumba hii ina kisima chake cha kuchimbwa, nacho ndicho kinachojaza tangi. Ukoko mweupe ndani ya birika la jikoni ulitosha kusema kwamba maji ni magumu. Sampuli iliyopelekwa maabara ilirudi na miligramu 88 za kalsiamu kwa lita, 34 za magnesiamu, 38 za naitreti, ambayo ni umbo mojawapo la naitrojeni, na 2 tu za potasiamu. Kalsiamu na magnesiamu za kiasi hicho ni sawa na ugumu wa miligramu 360 hivi kwa lita, ukikadiriwa kama kalsiamu kaboneti. Naitreti hiyo ipo chini ya kikomo cha miligramu 50 ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa maji ya kunywa. Kwa mji huu kiasi hicho hakishangazi, kwani visima kadhaa vya Dodoma vimewahi kupimwa na kukutwa na naitreti nyingi kuliko hiyo, na majitaka ya makazi yanayonywea ardhini ni miongoni mwa vyanzo vyake.

Tarakimu hizo nne zinaeleza kisa karibu chote. Mama aliamini, kama wanavyoamini wengi wanaotumia maji ya chumvichumvi, kwamba maji yenye madini mengi yana kila kitu ambacho mmea unakihitaji. Ugumu wa maji hupima kalsiamu na magnesiamu pekee, na hausemi lolote kuhusu potasiamu. Tangi lake lilipata naitrojeni kutoka kisimani, fosforasi kutoka kwenye chakula cha samaki na kinyesi chao, kalsiamu na magnesiamu kupita mahitaji, na potasiamu kidogo mno. Mmea hukua kwa kadiri ya kirutubisho kilicho haba kuliko vyote kulingana na hitaji lake. Kanuni hiyo ilienezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na kila afisa ugani anaijua, hata kama huku kwenye matangi ya samaki tunaisahau.

Kilichobaki ni swali la wakati. Maji yalikuwa yale yale mwaka mzima, basi kwa nini majani yaanze kutoboka Julai na Agosti? Nilimwomba mama aeleze kila kilichobadilika tangu mwanzo wa mwaka, akataja samaki, chakula kipya na dawa ya kuondoa klorini. Taa hakuitaja mpaka nilipoiuliza. Mwezi Mei mrija wa taa wa zamani uliungua, fundi akafunga taa ya LED yenye mwanga mkali zaidi, nayo kwa kuwa ipo mapokezi huwashwa saa kumi na mbili asubuhi na kuzimwa saa nne usiku. Chini ya mrija wa zamani mimea ilikuwa imesinzia: ilikua kidogo, ikahitaji kidogo, na miligramu 2 zilitosha. Taa mpya iliiamsha. Majani mapya yakaanza kutoka kwa kasi, potasiamu yake ikakopwa kutoka majani makongwe, na deni likaonekana wiki nyingi baadaye. Majani yale mazuri ya mbele, ambayo mama alikuwa akiyaona kama ushahidi kwamba tatizo si maji, yalikuwa yamejengwa kwa mali ya majani ya nyuma.

Hapo ndipo ushauri wa kawaida wa kukata majani yote mabovu ulipokuwa na hatari. Jani lililotoboka haliponi, hilo ni kweli, lakini nusu yake iliyo hai bado ni ghala ambalo mmea unalichota. Ukiyakata yote kwa siku moja, ncha inayokua hukosa pa kukopa. Tuliondoa tu majani ambayo zaidi ya nusu yake ilikuwa imekufa, na hayo tuliyakata karibu na shina kwa mkasi mkali badala ya kuyang'oa.

Ushauri mwingine ambao nilishukuru haukuwa umetekelezwa ni ule wa kijana wa bustani, aliyependekeza punje chache za yurea. Naitrojeni haikuwa inakosekana, na hilo peke yake lingetosha kuukataa, lakini hatari kubwa zaidi ilikuwa kwa samaki. Yurea na mbolea zenye amonia huleta amonia majini, na sehemu yake iliyo sumu huongezeka kadiri pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, inavyopanda: kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, maji ya pH 7 huwa na amonia huru, ndiyo hiyo iliyo sumu, chini ya asilimia 1 ya jumla, na yakifika pH 8, kama yalivyokuwa haya, kiasi hicho hukaribia asilimia 5. Kinachofaa kwa mchicha kingeweza kuwadhuru samaki.

Potasiamu yenyewe haikuwa shida kupatikana, na hapa Dodoma ina faida ambayo miji mingine haina. Wakulima wa zabibu hutumia salfeti ya potasiamu inayoyeyuka majini kwenye umwagiliaji wa matone, kwa kuwa mzabibu huhitaji potasiamu nyingi na hauvumilii vizuri kloridi iliyomo kwenye aina ya bei nafuu ya mbolea hiyo. Duka la pembejeo lilitupimia robo kilo kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa. Muuzaji, nilipomwonyesha picha ya jani kwenye simu, aliuliza ni shamba la wapi.

Mahesabu yake yanahitaji uangalifu kwa sababu mfuko hauandiki potasiamu tupu. Asilimia 50 iliyochapishwa ni ya oksidi ya potasiamu, na ili kupata potasiamu yenyewe tarakimu hiyo huzidishwa kwa 0.83, ikawa asilimia 41.5. Kuongeza miligramu 10 za potasiamu kwa kila lita katika lita 100 kunahitaji gramu 1 ya potasiamu, yaani gramu 2.4 za mbolea. Tulizipima kwa mizani ndogo ya sonara, tukaziyeyusha kwenye kikombe cha maji ya tangi, tukachuja mabaki kwa kitambaa, na kuziingiza kwa sehemu mbili, siku ya kwanza na ya pili. Kisha kila wiki, lita 30 za maji zinapobadilishwa, maji mapya huongezewa gramu 0.7 ili kiwango kisishuke. Vijiko havifai kwa kazi hii. Kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya aina hii kinapita dozi ya wiki mara kadhaa.

Mama alitaka tupunguze saa za taa siku hiyo hiyo, na kwa mwenye tangi ambaye anataka nafuu tu angekuwa sahihi. Nilimwomba asubiri. Kupunguza mwanga kungepunguza mahitaji ya potasiamu, majani yangepata nafuu kwa vyovyote, nasi tusingejua kama mbolea ilikuwa na kazi yoyote. Alikubali kwa shingo upande, akisema kwamba wageni wake hawalipi ili kutazama majaribio.

Ili tusidanganywe na macho, nilifunga uzi mweupe kwenye kikonyo cha jani changa kuliko yote katika kila shina. Majani yote yaliyokuwa nyuma ya uzi yalihesabiwa kuwa historia, hata yakiharibika zaidi, na hukumu ilisubiri yale yatakayotoka mbele yake. Kipande kimoja cha shina la anubia tulikikata na kukiweka kwenye mtungi wa kioo chini ya taa ile ile, tukakibadilishia maji ya kisima bila mbolea kwa ratiba ile ile. Ulinganisho huo una udhaifu ambao sipendi kuuficha: mtungi haukuwa na samaki, kwa hiyo ulikosa pia fosforasi ya chakula, na mmea uliokatwa huchelewa kukua kwa kukatwa kwenyewe.

Majani ya nyuma ya uzi yaliendelea kutoboka kwa wiki kadhaa, jambo lililomkatisha mama tamaa na ambalo ndilo huwafanya wengi wabadilishe dawa katikati ya safari. Seli ambazo zilikuwa zimekwisha kuumia zilikuwa zinamalizia kufa. Kufikia katikati ya Oktoba kila shina la anubia lilikuwa limetoa majani mawili au matatu mbele ya uzi, na muhimu zaidi, jani lile lenye uzi, ambalo sasa lilikuwa limefika umri ambao wenzake walianza kuota madoa, lilikuwa safi. Kwenye mtungi, jani la umri huo lilikuwa na madoa matano ya manjano, moja likiwa limekwisha kutoboka. Kangaga lilijibu haraka kidogo kuliko anubia. Hapo tukapunguza muda wa taa kuwaka hadi jumla ya saa nane kwa siku, na mwani wa nukta ukaacha kuenea kwenye majani mapya.

Jambo la pili lililorekebishwa ni namna ya kufidia maji yanayopotea. Kipindi cha kiangazi, kwa upepo na ukavu wa Dodoma, tangi lisilo na kifuniko kizuri hupungua kwa kasi, na mwenye tangi akijazia maji ya kisima tu, maji huenda hewani na madini hubaki. Ugumu wa maji ndani ya tangi ulikuwa umefika kama miligramu 520 kwa lita, ukilinganisha na 360 za kisimani. Katika mimea ya shambani inafahamika kwamba kalsiamu na magnesiamu zikizidi huizuia mizizi kuchukua potasiamu, na nadhani hali hiyo iliongeza uzito wa tatizo hapa, ingawa siipi nafasi ya kwanza. Sasa pengo la mvukizo hujazwa kwa maji ya kunywa ya madumu, yaliyosafishwa na yenye madini machache. Mama aliuliza kama angeweza kutumia maji yanayodondoka kwenye viyoyozi vya vyumba vya wageni, maana yapo bure. Hayo nayaogopa, kwa kuwa hupita juu ya mabomba ya shaba, na shaba hata kidogo ni sumu kwa konokono na viumbe wengine wa majini.

Kriptokorini ndiye aliyebaki nyuma. Yeye hutegemea sana mizizi, na mchanga wa tangi hili ni mchanga mtupu uliooshwa, kwa hiyo potasiamu iliyo majini humfikia kwa shida kuliko wenzake waliofungwa juu ya gogo. Tumemwekea vidonge vya mbolea ya mizizi chini ya mchanga, mbali kidogo na shina, na hukumu yake itasubiri majani yatakayotoka Januari na Februari. Mvua zikianza Desemba, mama ana mpango wa kuchanganya maji ya paa na ya kisima nusu kwa nusu. Ugumu utashuka kwa karibu nusu, na naitreti vilevile, kwa hiyo itabidi ipimwe kila mabadiliko ya maji. Dozi ya potasiamu itabaki ile ile, kwa sababu maji ya mvua nayo hayana potasiamu ya kutegemewa. Samaki mfyonza kioo bado yumo tangini.